Mlinzi wa usiku aliyeona nyota yenye mkia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye shamba la kahawa huku Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Nina miaka 26. Mwanzoni mwa Oktoba 2024, kabla hakujapambazuka, niliona upande wa mashariki kitu kama nyota yenye ukungu, mkia wake umesimama kwenda juu. Nilikiona alfajiri tatu, kisha sikukiona tena. Mzee ninayelinda naye alisema ni dalili ya balaa. Tangu hapo siachi kutazama juu. Ile ilikuwa nini, na itarudi? Nyingine nitazionaje? Kuna jamaa mjini anauza darubini kwa laki mbili na nusu, boksi limeandikwa inakuza mara 675. Ninunue? Na sayari nitazijuaje katikati ya nyota zote hizi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na la pesa kwa kuwa ndilo lenye haraka: hiyo darubini usiinunue. Sababu utazipata huko mbele. La pili ni kukupongeza. Kitu ulichokiona wewe ukiwa lindoni, watu wengi wa Moshi na Arusha kiliwapita juu ya mabati yao wakiwa wamelala.

Ile ilikuwa nyotamkia iitwayo Tsuchinshan-ATLAS. Iligunduliwa mapema mwaka 2023 na vituo viwili, kimoja cha China na kingine cha mtambo wa ATLAS ulioko Sutherland, Afrika Kusini, ndiyo maana ikabeba majina mawili. Tarehe 27 Septemba 2024 ilifika karibu kabisa na jua. Wewe uliipata siku zilizofuata, ilipokuwa ikichomoza mashariki ikilitangulia jua kwa muda mfupi. Nafasi ya kuiona ilikuwa finyu: ikishapanda vya kutosha kuvuka miti, anga nalo linaanza kuwa jeupe. Aliyeamka saa kumi na mbili aliikosa.

Baada ya alfajiri zako tatu haikwenda mbali. Iliingia kwenye mng'ao wa jua, ikavuka, na kuanzia karibu tarehe 12 Oktoba ikatokea upande wa pili, magharibi, jua likishatua. Tarehe hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na dunia, na hata hivyo kati yetu na yenyewe palikuwa na kilomita zipatazo milioni 70. Wewe ulikuwa ukiendelea kuitafuta mashariki, nayo jioni ilikuwa inaning'inia upande wa Boma Ng'ombe, kulia kwa sayari ya Zuhura, mkia mrefu kuliko ulivyouona mwanzo. Hili ni jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari lako: nyotamkia inayopotea alfajiri karibu na jua, itafute jioni baada ya siku kadhaa, na inayopotea jioni itafute alfajiri. Kurudi, haitarudi katika uhai wa mtu yeyote aliyezaliwa leo. Ilitoka ukingoni kabisa mwa himaya ya jua na huko ndiko inakoelekea.

Umeniandikia kwamba mkia ulisimama kwenda juu. Hicho ndicho kilichonifanya niamini bila shaka yoyote kwamba uliiona kweli, kwa sababu ndivyo inavyopasa kuwa. Moyo wa nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi, mara nyingi upana wake ni kilomita chache tu. Bonge la nyotamkia ya Halley, ambalo chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kililipiga picha Machi 1986, lina urefu wa kilomita kama 15 na upana wa 8. Bonge hilo likikaribia jua, barafu yake haiyeyuki kuwa maji. Inageuka gesi moja kwa moja, inafumuka na kubeba vumbi. Hapo ndipo unapotokea ule ukungu uliouona kuzunguka kichwa. Mwanga wa jua unasukuma vumbi, na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua kwa kasi kubwa, unasukuma gesi. Vyote viwili vinasukumwa kuliacha jua. Alfajiri jua liko chini ya upeo, kwa hiyo mkia unaelekea juu. Jioni jua limeshazama, mkia bado unaelekea juu. Watu hudhani mkia unafuata nyuma ya nyotamkia kwa sababu ya mwendo wake, lakini ikishalipita jua na kuanza safari ya kurudi, mkia ndio unaotangulia.

Ukipata nyingine yenye nguvu, tazama vizuri kama kuna mikia miwili. Wa vumbi ni mpana, mweupe unaoelekea njano, umepinda kidogo. Wa gesi ni mwembamba, umenyooka, na kwenye picha huonekana wa buluu.

Sasa swali lako kubwa: nyingine utazionaje. Wewe ni mlinzi. Mgeni akipita kwenye njia ya shamba usiku unamtambua mara moja kwa sababu wenyeji wote unawajua, miondoko yao na saa zao za kupita. Kazi ya anga ni hiyohiyo. Anayetaka kuona nyotamkia aanze kwa kuwajua wenyeji wa juu, na hilo linataka usiku mwingi kuliko vifaa. Usiku unao. Mimi na wenzangu tunaokaa mjini tunajinyima usingizi ili tupate saa mbili ambazo wewe unalipwa kuzikesha.

Alikuwepo Pretoria mtu aitwaye Jack Bennett. Hakuwa mwanaastronomia wa kuajiriwa. Alitazama anga kwa mapenzi yake. Alipokuwa akitafuta nyotamkia alisumbuliwa na vitu vyenye ukungu ambavyo si nyotamkia: mafungu ya nyota, mawingu ya gesi, na galaksi za mbali, yaani makusanyiko makubwa mno ya nyota. Akaviorodhesha vya anga la kusini, zaidi ya 100, ili akikutana navyo asipoteze muda. Charles Messier alifanya vivyo hivyo Paris karne mbili kabla yake, lakini anga ya Paris haionyeshi sehemu kubwa ya kusini yetu. Tarehe 28 Desemba 1969 Bennett akakutana na ukungu ambao haukuwa kwenye orodha yake. Ulikuwa nyotamkia, na kufikia Machi 1970 watu waliitazama kwa macho matupu, moja ya nyotamkia nzuri za karne iliyopita. Nataka ujue hivyo: kilichomsaidia ni kuvijua vile vingine vyote.

Basi tuanze na wenyeji wa hapo ulipo. Kibosho iko nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta. Hii ni bahati ambayo watu wa Ulaya wanalipia nauli kuitafuta. Karibu anga lote la kusini na la kaskazini hupita mbele yako ndani ya mwaka mmoja. Msalaba wa Kusini utauona vizuri usiku wa Aprili hadi Juni, na nyota mbili kali zilizo kushoto kwake zikiuelekea. Ile ya nje zaidi, Alpha Centauri, ndiyo jirani ya jua letu, mwanga wake hutumia miaka 4 na kidogo tu kutufikia. Kaskazini umezibwa kidogo. Kilele cha Kibo chenyewe kinasimama hapo, na nyota za chini za upande huo zinapita nyuma ya mlima. Sikitiko hilo ni dogo, kwani Nyota ya Kaskazini hata pasingekuwa na mlima usingeiona. Iko chini ya upeo wetu. Wenzetu wa Arusha wana hali hiyohiyo na Mlima Meru.

Faida kubwa zaidi ya kukaa karibu na ikweta inahusu sayari. Jua, mwezi na sayari zote hupita kwenye njia moja angani, na njia hiyo kwetu hupanda wima na kupita karibu na utosini. Kwa hiyo sayari iliyo karibu na jua haiburuziki kwenye ukungu wa upeo kama inavyowatokea watu wa nchi za kaskazini. Inapanda wima. Utaridi, ambayo kuna watazamaji wa kaskazini wanaozeeka bila kuiona vizuri, wewe ukijua siku zake utaiona kabla ya kupambazuka bila shida. Nyotamkia zinazolikaribia jua nazo hivyohivyo.

Njia yenyewe unaijua tayari bila kuambiwa. Kumbuka mwezi unavyopita usiku, kutoka upande wa Marangu, juu ya shamba, hadi upande wa Machame. Sayari hazitoki nje ya ukanda huo. Nyota kali ukiiona kusini kabisa juu ya tambarare za mashamba ya miwa ya TPC, ujue si sayari.

Ipo dalili ya pili: nyota humetameta, sayari hutulia. Nyota iko mbali mno, ni nukta tupu, na hewa inayotikisika inaichezea. Sayari ina upana kidogo, kwa hiyo mwanga wake unastahimili. Dalili hii inadanganya karibu na upeo, ambako hewa ni nzito na kila kitu kinatetemeka. Subiri kitu kipande ngumi mbili ndipo uhukumu. Ngumi ni kipimo halisi: nyoosha mkono, funga ngumi, upana wake angani ni nyuzi kama 10.

Dalili ya tatu ni yenu walinzi, mnaojua saa. Zuhura haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47. Hiyo ina maana kwamba haiwezi kuonekana saa sita ya usiku Kibosho, kamwe. Ukiona kitu kikali kisichometameta utosini saa sita usiku, mshukiwa wa kwanza ni Mshtarii. Kikiwa na rangi ya kaa la moto, ni Mirihi. Kikiwa cha manjano hafifu na si kikali sana, ni Zohali. Nyota kali kuliko zote, Sirius, huonekana saa hizo miezi ya Desemba na Januari, lakini yenyewe inarusha rangi: nyekundu, kijani, nyeupe, bila kutulia. Na kwa kuwa uko hapo, kuna mshukiwa mwingine wa magharibi na kusini magharibi. Ndege inayokuja uwanja wa ndege wa KIA ikiwa imewasha taa za kutua na imekuelekea, inaweza kukaa dakika kadhaa kama haisogei, kali kuliko Zuhura. Subiri kidogo kabla hujamwamsha mtu.

Zuhura yenyewe nenda nayo taratibu, maana inafuata ratiba ya ajabu. Baada ya miaka 8, pungufu ya siku mbili hivi, inarudi mahali palepale kati ya nyota zilezile. Kama ulikuwa kijana wa miaka 18 ukaiona juu ya mgomba fulani tarehe fulani, ukiwa na 26 utaikuta hapohapo. Mwishoni mwa Oktoba 2026 itapita kati yetu na jua, itatoweka jioni, na kuanzia Novemba itakuwa nyota yako ya alfajiri. Wiki chache kabla na baada ya hapo, hata darubini ndogo iliyoshikwa imara itakuonyesha kwamba si duara bali hilali nyembamba kama ya mwezi mwandamo.

Mshtarii ndiyo sayari ninayompendekezea kila anayeanza, na sitachoka kusema hivyo. Januari 1610 Galileo aliielekezea darubini ndogo akaona nukta zimejipanga pembeni yake. Usiku uliofuata zilikuwa zimehama. Baada ya siku chache akaelewa kwamba ni miezi inayoizunguka Mshtarii, na tangu hapo haikuwezekana tena kushikilia kwamba kila kitu kinaizunguka dunia. Nukta hizo nne utaziona wewe mwenyewe, kwa darubini ya macho mawili, ukiwa umeegemeza viwiko kwenye ukuta wa banda. Io, iliyo ndani kabisa, humaliza mzunguko kwa muda usiofika siku mbili. Callisto, ya nje, hutumia karibu siku 17. Chora duara dogo kwenye daftari na nukta zake, usiku huu na usiku ujao. Ukifanya hivyo wiki mbili utakuwa umeyaona yale yaliyobadilisha fikra za dunia, kwa macho yako, na si kwa kuhadithiwa. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kwa muda mrefu baada ya kuona nukta hizo. Sayari hii huwa mkabala na jua, yaani inachomoza jua likitua na inakesha nawe zamu nzima, kila baada ya miezi 13 hivi. Ilikuwa hivyo tarehe 10 Januari 2026, na itakuwa tena tarehe 10 Februari 2027. Mirihi nayo itafika hapo tarehe 19 ya Februari hiyohiyo. Mirihi haitakuwa kubwa safari hii, lakini kuwa na sayari mbili za namna hiyo katika eneo moja la anga, usiku kucha, mwezi ambao Moshi huwa na anga safi, ni jambo la kuwekea alama kwenye kalenda.

Zohali inahitaji uvumilivu. Kuziona pete zake kama pete unahitaji kukuza mara 25 au 30. Kwa darubini ya macho mawili ya kawaida utaona tu kwamba umbo lake limerefuka kidogo. Na usikate tamaa ukiziona nyembamba. Machi 2025 pete zilitugeuzia ukingo, zikawa kama hazipo, na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka.

Wenyeji wengine ni wale wenye ukungu, wanaoweza kukudanganya kuwa ni nyotamkia. Anza na Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana, ambacho bila shaka unakijua. Wazee wa pwani walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na ukikaa nje utaona walichokisema: Mei, masika yakiwa bado yanaendelea, kinapotelea magharibi jioni, na katikati ya Juni utakiona kimerudi mashariki kabla ya kupambazuka, mvua zimekatika. Ukifika Desemba tafuta ukungu ulio kwenye upanga wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion. Mei tafuta doa hafifu kama ngumi moja na nusu hivi kaskazini mwa Msalaba, upande wa mashariki, Omega Centauri: mamilioni ya nyota yaliyokusanyika pamoja. Oktoba na Novemba kuna doa refu hafifu upande wa kaskazini, juu ya mlima. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, na mwanga unaouona uliondoka huko miaka milioni 2 na nusu iliyopita. Ukivijua hivyo, ukungu mwingine wowote unastahili kuulizwa. Namna ya kuuliza ni rahisi. Uchore kati ya nyota mbili au tatu zilizo jirani. Kesho saa ileile tazama tena. Uko palepale? Ni mwenyeji. Umesogea? Shika simu, uliza.

Kinachokatiza kwa sekunde moja ni kimondo, chembe ya vumbi inayoungua juu ya anga letu. Nyotamkia haikatizi, inakaa siku na majuma. Ila viwili hivyo ni ndugu, kwani vumbi linaloachwa njiani na nyotamkia ndilo linaloleta nyingi ya mvua za vimondo. Halley pekee inatupa mbili kila mwaka, karibu tarehe 5 na 6 Mei na karibu tarehe 21 Oktoba. Ya Mei kwenu huliwa na mawingu ya masika. Jaribu ya usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, ambayo ni kubwa kuliko hizo.

Sasa vifaa. Darubini hizo za boksi huwa na lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 60 au 70. Kanuni ya watazamaji ni kwamba darubini haifai kukuza zaidi ya mara mbili ya kipenyo chake kwa milimita. Lenzi ya milimita 60 basi inaishia mara 120, tena usiku ambao hewa imetulia sana. Hizo 675 zinapatikana kwa kupachika lenzi kali juu ya nyingine. Utakachoona ni giza linalotetemeka. Stendi yake nayo huwa nyepesi, ukigusa tu Mshtarii imeshatoka. Vijana wengi wenye hamu wamepoteza hamu yao hapo, na mimi hilo linaniuma, kwa sababu wanadhani tatizo ni macho yao. Na kama ndani ya boksi kuna kioo cheusi cha kutazamia jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, yeyote atakayekuwa nacho akitupe. Kinapasuka kwa joto jicho likiwa hapo.

Tafuta darubini ya macho mawili, ile wanayoivaa shingoni waongoza watalii. Zinaandikwa namba mbili, kwa mfano 7x50 au 10x50: ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili kipenyo cha lenzi za mbele. Za safari mara nyingi ni 8x42 au 10x42, na hizo pia zinakutosha. Kwa bahati unaishi mwendo mfupi kutoka Arusha, mji wa safari, ambako waongozaji hubadilisha vifaa na kuuza vya zamani. Ukienda kununua, nenda usiku au jioni, itazame taa ya mbali. Uone taa moja. Ukiona mbili zimepishana, vioo vya ndani vimehama, iache. Geuza uchungulie lenzi dhidi ya mwanga kama zina utando wa ukungu. Tikisa usikilize kama kuna kitu kinacheza ndani.

Kwa nyotamkia kifaa hiki ni bora kuliko darubini ndefu ya bei mara tatu. Nyotamkia ni kubwa angani na hafifu. Inataka upana wa kuona na mwanga mwingi, na kukuza kidogo tu.

Mengine ni mazoea. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 za giza ndipo yafunguke kabisa, na simu ikiwaka mara moja umerudi mwanzo. Tochi yako ya lindo ni ya kazi, usiiguse. Tafuta nyingine ndogo uifunge kitambaa au nailoni nyekundu kwa ajili ya daftari. Usitazame muda mrefu mfululizo. Dakika tano, kisha zunguka shamba. Anga halihami, na kahawa ya watu iko mikononi mwako. Kwenye simu unaweza kuweka programu iitwayo Stellarium, uipe mahali ulipo, itakuonyesha ni sayari gani iko wapi usiku huo. Iweke kwenye hali ya mwanga mwekundu. Nakushauri ujikadirie mwenyewe kwanza, kisha uitumie kuhakiki.

Hali ya hewa unaijua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba mteremko wenu hujifunika Juni hadi Agosti, lakini mara nyingi wingu huteremka au kukatika baada ya saa nane usiku, watu wote wakiwa wamelala. Januari na Februari ni zako. Siku za mapumziko ukipata usafiri, shuka tambarare hadi upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu usiku usio na mwezi. Huko Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokata anga, inaonekana kama wingu lenyewe.

Onyo moja ambalo sitaki ulisahau. Nyotamkia bora hukaa karibu na jua, na hamu hukufanya uifuate hadi dakika ya mwisho. Upeo wa mashariki ukianza kuwa wa dhahabu, weka darubini chini. Jua likiingia kwenye lenzi hizo mara moja tu, jicho halirudi.

Kama umewahi kuota kugundua nyotamkia yako mwenyewe, nikueleze ukweli ulivyo. Siku hizi nyingi hukamatwa na mitambo inayopiga picha anga lote kila usiku. Lakini mlango haujafungwa. Agosti 2023 Mjapani Hideo Nishimura aliipata moja kwa kamera ya kawaida, na mwaka 2019 Gennadiy Borisov, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, alipata nyotamkia ya kwanza kujulikana kutoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu. Na mimi humkumbuka zaidi Kaoru Ikeya. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha piano Japani, akatengeneza darubini yake, akaamka alfajiri baada ya alfajiri, na Januari 1963, akiwa na miaka 19, akapata nyotamkia. Septemba 1965 yeye na Tsutomu Seki, mwalimu wa gitaa, kila mmoja kwake, waliona nyingine alfajiri moja. Hiyo Ikeya-Seki ilipolifikia jua tarehe 21 Oktoba 1965 iling'aa kiasi cha kuonekana mchana.

Halley itarudi katikati ya mwaka 2061. Wewe utakuwa na miaka sitini na kidogo. Mimi sitakuwepo, kwa hiyo itazame kwa niaba yangu pia.

Kwa mzee mwenzako usibishane. Nyotamkia inakuja kwa hesabu. Edmond Halley alitabiri kurudi kwa ile iliyopewa jina lake, na mwishoni mwa 1758 ikaonekana, yeye akiwa ameshafariki miaka 16 kabla. Kinachohesabika hivyo hakiwezi kuwa kinafuata mabaya ya watu wa Kibosho. Lakini hofu yake haina ubaya. Alikiona kitu asichokijua na akakichukulia kwa uzito, kuliko wale wasioinua kichwa. Ukipata darubini, mpe yeye kwanza aione Mshtarii na miezi yake. Kisha muulize wazazi wake waliita nini Kilimia, nyota ya alfajiri na zile za kusini, na walizitumia kwa shamba gani na kwa msimu upi. Majina hayo ya Kichaga yamebaki kwa wazee wachache. Atakayokutajia yaandike kwenye daftari lilelile, na unitumie na mimi.